Pumzi ya Injini: Ufundi wa Mashine Rufiji, Kuanzia Königsberg hadi Sensa ya Oksijeni

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg iliifyatulia mizinga manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Zanzibar. Pegasus haikuweza kukimbia kwa sababu ilikuwa imeingia bandarini kutengeneza mashine zake. Mabaharia wake zaidi ya 30 walikufa. Hata hivyo, mshindi naye hakwenda mbali. Katika injini yake moja, kiungo kikubwa cha chuma kinachoshika fimbo ya pistoni na mkono unaozungusha mtaimbo kilivunjika. Kapteni Max Looff akaachana na mpango wa kurudi kwao Ujerumani, akaigeuza meli kuelekea alikotoka: delta ya mto Rufiji.

Vita vya Rufiji vimeandikwa mara nyingi kama habari ya mizinga na ndege. Ukizisoma habari hizo kwa jicho la fundi, unakuta jambo jingine: vyuma vilivyovunjika mbali na karakana, makaa ya mawe yasiyopatikana, joto lililozinyima injini nguvu, na watu waliosafirisha vipuri kwa misuli yao. Mambo hayo hayajaondoka katika wilaya za Kibiti na Rufiji. Mtu anayeendesha gari la petroli kwenda mji wa Ikwiriri leo bado anakutana nayo.

Rufiji humwaga maji yake baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia kwa milango kadhaa, ikiwamo Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni na Msala. Kati ya milango hiyo kuna mikoko ya hekta 50,000 hivi, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki, ambao boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni kwa karne nyingi. Kabla ya vita, Wajerumani walikuwa wamepima mikondo ya delta kwa meli yao ya upimaji, Möwe, ilhali ramani za Waingereza zilikuwa zimepitwa na wakati. Ndiyo maana meli yenye urefu wa zaidi ya mita 100 iliweza kupanda hadi Salale na kutoweka machoni pa watu.

Salale hapakuwa na karakana ya kazi nzito kama ile. Vyuma vilivyovunjika vilifunguliwa, vikasafirishwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa huko, kisha vikarudishwa. Leo safari hiyo ni ya saa chache kwa basi. Wakati ule ilikuwa njia ya zaidi ya kilomita 100 yenye matope, mito na vichaka. Majina ya maofisa wa Königsberg yamehifadhiwa pamoja na vyeo vyao. Majina ya watu wa Rufiji na wapagazi waliokwenda na chuma kile na kurudi nacho hayamo vitabuni, na hilo ni pengo linalouma.

Injini ilipona, lakini njia ya kutokea ilikuwa imeanza kufungwa. Mwezi Oktoba Waingereza waliipekua meli ya Kijerumani, Präsident, huko Lindi, wakakuta hati zilizoonyesha kwamba makaa yamepelekwa Salale. Tarehe 30 Oktoba manowari Chatham ikaziona milingoti juu ya mikoko. Siku 11 baadaye, meli ya mizigo iitwayo Newbridge ilizamishwa makusudi ili kuziba mlango mmoja wa delta. Makaa nayo yalikuwa tabu tangu mwanzo, kwa kuwa Waingereza waliwahi kuyanunua yaliyokuwapo katika bandari za Msumbiji ili adui asiyapate.

Kwa upande wa Waingereza, fundi alikuwa na kazi vilevile. Rubani wa kiraia, Denis Cutler, aliletwa na ndege ya Curtiss iwezayo kutua majini ili aitafute Königsberg kutoka angani. Rejeta ya ndege ikawa inavuja. Kifaa cha kufaa hakikuwapo melini, kikatafutwa Mombasa, na kilichopatikana kilikuwa rejeta ya gari la Ford. Ikafungwa, ndege ikaruka. Mafundi wa Kibiti, ambao wamezoea kuifanya sehemu ya gari moja ikubali gari jingine, wanapaswa kukijua kisa hiki. Kilitokea kwenye maji yao.

Mapema mwaka 1915 zikaja ndege za Sopwith. Hizi zilishindwa kabisa. Gundi iliachia, mbao zikapinda, na injini hazikuwa na nguvu ya kuzinyanyua pamoja na mabomu. Sababu moja ya udhaifu huo wa injini inafaa kuelezwa taratibu, kwa maana ndiyo kiini cha habari yote hii. Injini haichomi mafuta peke yake, inachoma mafuta pamoja na oksijeni iliyomo hewani. Hewa ikipata joto hutanuka, hivyo kila mvuto wa pistoni huingiza oksijeni pungufu. Injini iliyopimwa kwenye baridi ya Uingereza ilifika Rufiji ikakuta pumzi haba.

Tarehe 11 Julai 1915, baada ya mashambulizi ya meli mbili za mizinga, Severn na Mersey, Looff aliamuru meli yake ilipuliwe. Mizinga yake 10 ilitolewa mtoni, ikapelekwa Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu katika karakana, na ikaendelea na vita vya nchi kavu. Mmoja unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria, na mwingine Jinja. Mwaka 1924 haki ya kuchukua vyuma vya meli iliyozama iliuzwa kwa pauni 200. Watu waliendelea kuimegua kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 1966 mabaki yalipodidimia kwenye tope.

Baada ya vita hivyo, magari yalikuja Rufiji taratibu. Boma lilikuwa Utete, ng'ambo ya kusini ya mto, na bonde lilitoa mpunga na pamba zilizohitaji malori. Lakini udongo wa bonde hushika tairi vibaya mvua ikinyesha, na Rufiji yenyewe ilivukwa kwa pantoni. Mafuriko ya mwaka 1968 yalifuatiwa na Operesheni Rufiji, iliyowahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya miinukoni, na biashara nyingi ikasogea pamoja nao. Kibiti na Ikwiriri zikakua kwa sababu ya barabara. Hapo msafiri alipumzika, lori likapoa, na fundi akapata kazi.

Kijana aliingia ufundini kama spana boi. Alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kushika tochi na kukumbuka spana ya namba gani inafungua nini. Elimu kubwa ya wakati huo ilikuwa kabureta. Fundi alifungua plagi akatazama ncha yake. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na injini itaungua. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mchanganyiko ni sawa. Alipitisha kidole ndani ya ekzosi, akanusa moshi, akasikiliza injini inavyomisi, kisha akageuza skrubu ya kabureta robo mzunguko na kusikiliza tena. Kilichokuwa kinapimwa ni kilekile kilichozishinda Sopwith, yaani hewa kiasi gani kwa mafuta kiasi gani. Chombo cha kupimia kilikuwa fundi mwenyewe.

Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 iliujaribu ufundi huo kwelikweli. Vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979 viliiacha nchi bila fedha za kigeni. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mabasi ya kampuni ya taifa, KAMATA, yalisimama kwa kukosa vipuri, na Scania zilizounganishwa na kiwanda cha TAMCO kule Kibaha, mkoa huuhuu wa Pwani, zilitegemea vifaa kutoka nje. Mafundi walikata gasketi kwa maboksi, wakachonga bushi kwa mipira ya matairi, wakayaamsha magari yaliyokufa. Kizazi hicho kilijifunza kwamba gari ni lazima litembee hata kifaa kikikosekana. Huo ni ujuzi wa kuheshimiwa. Pia ndio mzizi wa tabia moja iliyokuja kuleta shida magari yalipobadilika.

Yalibadilika upesi. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi, na katika miaka ya 1990 magari ya mtumba kutoka Japani yakajaa. Corolla, Carina, RAV4, Hiace, baadaye Noah na IST: haya hayakuwa na skrubu ya kugeuza. Mengi yalikuwa na kompyuta, na kwenye bomba la ekzosi palikuwa na kitu kama plagi yenye waya, ambacho fundi wa kabureta hakuwahi kukiona.

Kitu hicho, sensa ya oksijeni, kina historia ndefu kuliko magari yenyewe ya Kijapani. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanakemia wa Kijerumani Walther Nernst, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1920, alieleza jinsi tofauti ya wingi wa kitu katika pande mbili inavyoweza kuzaa umeme, na akagundua pia kwamba kauri yenye zirkonia hupitisha umeme ikipata moto. Elimu hiyo ilisubiri hadi moshi wa magari ulipoanza kuwasumbua watu wa California na sheria za Marekani zikawa kali. Mwaka 1976 kampuni ya Bosch ilianza kuzalisha sensa hiyo kwa wingi, na magari ya kwanza kuibeba yalikuwa Volvo zilizouzwa Marekani.

Ndani yake mna kikombe kidogo cha kauri kilichopakwa platinamu. Upande mmoja unaguswa na moshi, upande wa pili na hewa ya nje. Kikifika nyuzi 300 hivi za Selsiasi, kinaanza kusema. Mafuta yakizidi, oksijeni inayobaki kwenye moshi ni haba, na volti hupanda kuelekea 0.9. Hewa ikizidi, volti hushuka kuelekea 0.1. Kompyuta husikia hayo mara nyingi kwa dakika na kuongeza au kupunguza petroli, ili kila gramu 1 ya petroli ipate gramu 14.7 hivi za hewa. Kazi ya jicho, pua na skrubu ya fundi wa Ikwiriri sasa inafanywa na kauri isiyofika urefu wa kidole.

Bahati mbaya ni kwamba sensa ilifika nchini kabla ya mafuta yake. Tangu ugunduzi wa Thomas Midgley huko Marekani mwaka 1921, petroli ilikuwa ikitiwa risasi ili injini zisigonge. Risasi hiyo hudhuru akili za watoto, na hufunika platinamu ya sensa na ya katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, hadi vife. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeiacha. Gari la mtumba lililowasili miaka ya 1990 likiwa na sensa nzima lilijazwa mafuta yenye sumu ya sensa hiyo. Ikafa, gari likaanza kula mafuta, na fundi aliyelelewa na miaka ya shida akafanya alichozoea: akaing'oa, akaziba tundu kwa boliti, au akakata waya. Hakuna haki ya kumcheka. Kifaa kipya kingekufa vilevile. Lakini risasi iliondoka, tabia ikabaki, na hapo lawama inaanza kuwa halali.

Mafuta yenyewe yaliendelea kuchafuliwa kwa njia nyingine. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, yakachanganywa na dizeli na petroli, hadi neno uchakachuaji likawa midomoni mwa kila dereva. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuyawekea mafuta vinasaba, yaani alama za kuyatambua, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya uchakachuaji iishe. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha masizi, na masizi huiziba sensa.

Wakati huo barabara ilikuwa imebadilika pia. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003 na kukomesha foleni za pantoni ya Ndundu. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kilisubiri lami kwa miaka mingine mingi, na kilikuwa maarufu kwa kukwamisha mabasi ya Lindi na Mtwara. Lami ilipokamilika, magari madogo yalimiminika kusini, na gereji za Kibiti zikaanza kupokea wageni wenye taa ya injini iliyowaka kwenye dashibodi.

Taa hiyo ndiyo mtihani wa fundi wa leo. Magari mengi yana soketi ya matundu 16 chini ya usukani, mfumo uliolazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea. Mashine ndogo ya kupimia huchomekwa hapo, nayo hutoa namba. Makosa mengi ya ufundi huanzia kwenye kuisoma namba hiyo kama hukumu. P0135 inasema saketi ya kipasha joto cha sensa ina tatizo. Inaweza kuwa sensa, na inaweza kuwa fyuzi iliyoungua au waya ulioliwa na panya. P0171 inasema hewa imezidi. Sensa inaweza kuwa nzima kabisa na inasema kweli, kwa kuwa kuna mpira uliopasuka unaovuta hewa au pampu ya mafuta iliyochoka; ekzosi inayovuja kabla ya sensa nayo huweza kuidanganya. P0420 humfanya mtu anunue sensa ya nyuma, iliyo baada ya katalisti, ilhali mara nyingi aliyekufa ni katalisti.

Fundi mzuri hupima kabla ya kumtuma mtu dukani. Injini ikishapata moto, huitazama volti ya sensa ya mbele ya aina hii ya zirkonia: ipande na kushuka bila kuchoka. Hukanyaga mafuta ghafla, volti ipande, huachia, ishuke. Ikiganda sehemu moja au ikijivuta, hukagua waya na kupima ukinzani wa kipasha joto kwa mita. Hapo ndipo anapoweza kusema sensa imekufa. Kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi ikiwa nati haijaganda. Hutumia dawa ya kulainisha kutu, ekzosi ikiwa na uvuguvugu, na soketi ya milimita 22 yenye mwanya wa kupitishia waya. Ncha ya sensa mpya haiguswi kwa mikono yenye grisi, na dawa ya kuzuia nyuzi zisigande hupakwa kwenye nyuzi tu. Mwishoni namba hufutwa, gari hukimbizwa barabarani, na kupimwa tena.

Kuna adui mmoja ambaye mafundi wengi humfuga bila kujua. Gundi ya silikoni, iliyochukua nafasi ya gasketi za maboksi, ikiwa ya aina isiyofaa hutoa mvuke unaovutwa na injini, na mvuke huo huua sensa kama risasi ilivyokuwa ikiua. Mazingira nayo yana mchango. Chumvi ya bahari upande wa Nyamisati, ambako abiria hupanda vyombo vya Mafia, huigandisha sensa kwenye ekzosi. Maji ni mabaya zaidi. Sensa yenye joto kali ikigubikwa ghafla na maji baridi, kauri yake hupasuka. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na makazi ya Kibiti na Rufiji, na mwezi uliofuata mvua za Kimbunga Hidaya zikaikata barabara ya Lindi. Dereva anayelazimisha gari lililotoka mbio kupita kwenye dimbwi anaweza kuvuka salama na kuwashiwa taa baadaye.

Kifaa chenyewe bado kinatoka Dar es Salaam. Kikikosekana Kibiti hutafutwa Gerezani, Kariakoo, na kuja kwa basi, kilomita 140 hivi. Bandia zipo nyingi, na mwenye gari hujua baada ya wiki chache tu. Faida ya kununua kitu sahihi inakua kila mwaka. Bomba la gesi ya Songo Songo limepita katika ardhi hii kuelekea Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na magari yanayofungwa mfumo wa gesi hiyo yanazidi kuongezeka. Gari la aina hiyo likiwa na sensa iliyong'olewa haliwezi kupangiwa mchanganyiko vizuri.

Kwa hiyo kazi inayohitajika Kibiti inajulikana. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Ikwiriri, kimoja kati ya vyuo vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kipo kwenye barabara hiyohiyo ya kusini. Vijana wa gereji za jirani wapelekwe kujifunza kupima umeme wa magari kwa muda mfupi, jioni au siku za mapumziko, bila kuacha kazi zao. Na wale wazee waliosoma plagi kwa macho na kuvusha malori Ndundu wahojiwe wangali hai, waandikwe majina yao, walimu wao na magari waliyoyaamsha, kwa kuwa hawa bado wanaweza kuulizwa.